Akisha Kuondoka Mwalimu: Tarihi ya Uanagenzi Katika Jiji la Kigali

Kabeza ni mtaa wa upande wa mashariki wa jiji la Kigali, katika tarafa ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, karibu sana na uwanja wa ndege. Katika barabara zake za ndani, kama katika mitaa mingi ya jiji hilo, zimo karakana za maseremala, za wachomeleaji wa milango na madirisha ya chuma, za mafundi wa magari na za washonaji, na katika kila karakana iliyo hai humkosi kijana mmoja au wawili ambao hawajawa mafundi bado, wala si vibarua tu, bali wamo katika ile hali ya katikati ambayo wazee wa pwani waliiita uanagenzi. Kijana huyo hana daftari, wala hana saa ya kuingia darasani na saa ya kutoka. Kazi yake ya kwanza ni kufagia maranda na kushikilia upande wa pili wa ubao, ya pili ni kupiga msasa, na patasi huja mkononi mwake baada ya muda ambao yeye huuona kuwa mrefu mno. Walakini ukimrudia baada ya miaka kumi na kumwomba akuonyeshe namna ya kuunga mbao mbili kwa ulimi na tundu, atakuonyesha bila kufikiri, ilhali mwenzake aliyekaa siku tatu katika ukumbi wa semina, akasikiliza mambo mema yaliyopangwa kwa mpango mwema, akapewa cheti, aghalabu hawezi hata kabla ya mwezi kwisha kutenda nusu ya aliyofundishwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niifuate tarihi ya mafunzo ya kazi katika jiji hili na katika nchi inayolizunguka. Rai yangu nitaitoa mapema ili msomaji aipime kwa yatakayofuata: mafunzo hayadumu kwa ubora wa somo peke yake, bali hudumu pale mwenye kufunza anapobaki karibu na mwenye kufunzwa baada ya somo kwisha, akaitazama kazi yake, akaisahihisha, akairudia pamoja naye. Rwanda imepata kulijua jambo hili zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja imelipoteza, kwa njia ambazo nyingine zilikuwa za uzembe wa kawaida wa wanadamu na moja ilikuwa ya msiba usio na kifani.

Ufundi katika nchi hii ni wa kale kuliko maandishi yake yote. Mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yaliyochimbuliwa upande wa kusini, katika vilima vya Butare, yanathibitisha kwamba wahunzi walikuwa wakifanya kazi huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kazi ya tanuri si kazi ya kubahatisha: ni lazima mtu ajue udongo wa kujengea, makaa ya mti gani yana moto mkali, upepo wa mivuo uwe wa kiasi gani, na rangi ya moto ikigeuka ina maana gani. Ilimu hiyo yote ilipita katika vizazi na vizazi bila herufi hata moja, kutoka mkono hata mkono na kutoka jicho hata jicho, na haikupotea. Sisemi haya ili kuyadharau maandishi, maana ninayapenda na ndiyo riziki yangu. Nasema ili ifahamike kwamba swali la kuyadumisha mafunzo halikuzaliwa na maofisi ya leo.

Wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe walipofika Save mwaka 1900, na walipojenga Kabgayi mwaka 1906, haja yao ya kwanza baada ya ardhi na maji ilikuwa matofali, vigae na boriti. Makanisa makubwa ya matofali ya kuchoma, ambayo mengine yangali yamesimama, yalijengwa na Wanyarwanda ambao wengi wao hawakuwa wamepata kuona tofali kabla ya siku walipoitwa kulifyatua. Hapakuwa na chuo. Jengo lenyewe ndilo lililokuwa chuo, na kwa kuwa kujenga kanisa ni kazi ya miaka, bruda aliyewafundisha kukanyaga udongo katika mwaka wa kwanza alikuwapo katika mwaka wa tatu kuona kama tanuri limepangwa sawasawa. Mwaka 1929 likaasisiwa huko Kabgayi shirika la mabruda wa Kinyarwanda, Wayozefiti, ambao miongoni mwa kazi zao ilikuwamo kufundisha watoto kusoma na kufanya kazi za mikono. Mwaka huohuo mabruda wa Gent, kutoka Ubelgiji, walifungua skuli kubwa ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, iliyotoa makarani, wasaidizi wa waganga, wasaidizi wa mifugo na wa kilimo. Hapo ndipo elimu ya kazi ilipoanza kugawanyika katika njia mbili: njia ya cheti, iliyompandisha mtu hata akawa mtu wa ofisi ya Serikali, na njia ya mkono, iliyombakiza mtu mahali pa kazi. Mgawanyiko huo haukuwa wa akili za watu, maana mlango wa Astrida ulifunguliwa zaidi kwa wana wa machifu, na wengine wakafungiwa. Athari zake kwa nchi zilikuwa chungu, na hadhi ndogo waliyopewa mafundi ni moja katika hizo.

Ilikuwapo njia ya tatu, isiyotajwa sana katika vitabu vya elimu, na hii inastahili kukaliwa kwa kitambo kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na karakana za leo. Kigali yenyewe ilianza mwaka 1907, Dakta Richard Kandt alipoweka makao ya utawala wa Kijerumani juu ya kilima cha Nyarugenge. Nyumba anayokumbukwa nayo sasa ni makumbusho. Askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara waliokuja katika msafara wa utawala huo walikuwa wenye kusema Kiswahili, baadhi yao Waislamu wa pwani na wa bara ya Tanganyika, na pamoja nao Waarabu na Wahindi wenye maduka. Katika dola ya Wajerumani Kiswahili kilikuwa lugha ya ofisi na ya karakana pia: huko Tanga, katika skuli ya Serikali, wanafunzi walifundishwa useremala na kazi ya matbaa, na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1904 lilitoka katika matbaa ya skuli hiyo. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo, na kando yake ukakua mtaa wa Biryogo.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, jamaa hao walijikuta katika hali ngumu. Utawala mpya uliwatazama kwa wasiwasi, ukawaweka katika mtaa wao wenyewe, na kwa kuwa elimu karibu yote ilikuwa mikononi mwa misheni, mtoto wa Kiislamu alikuwa na mlango mwembamba sana wa skuli, na aghalabu hakuwa nao kabisa. Aliyenyimwa kalamu akashika cherehani, spana na usukani. Ndiyo maana kwa miongo mingi ukitafuta dereva wa lori, makanika, mshonaji wa kanzu na suruali au mchuuzi wa bidhaa za mbali katika mji wa Kigali, ulielekezwa Biryogo. Watu hao walijenga chuo kisicho na jengo, na tarihi ya chuo hicho ingali hai katika vinywa vya wazee kuliko katika makabati ya nyaraka.

Mfano ulio bora ni utingo. Kijana alikabidhiwa kwa dereva na baba yake au mjomba wake, akapanda lori si kama abiria bali kama sehemu ya mzigo. Alipakia na kupakua, akakaza kamba, akafunika turubali mvua iliponyesha, akatia maji katika rejeta, akashuka kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori liliposhindwa kilima, na katika Rwanda vilima havipungui. Usiku alilala chini ya lori ili kulinda mzigo. Katika njia za Bukavu, Bujumbura na Kampala alijifunza sauti ya injini iliyo salama na sauti ya injini yenye maradhi, akajua harufu ya breki iliyochoka, akajua ni daraja lipi halibebi mzigo kamili wakati wa masika. Hapana aliyemwambia kwamba leo tuna somo la breki. Breki zilipoleta taabu, somo likawapo, na lilipokwisha, safari iliendelea na mwalimu yuleyule katika kiti kilekile, hata taabu iliporudi mwezi mwingine kijana aliulizwa kwanza yeye anaonaje. Kisha siku moja, katika njia iliyo tambarare na isiyo na watu, dereva alisimamisha gari, akazunguka upande wa pili, akamwambia, "Haya, mwanangu, shika." Baada ya hapo palikuwa na miaka mingine ya kushika na kunyang'anywa, kusifiwa na kukaripiwa, kabla kijana hajaitwa dereva mbele za watu.

Sitaki kuupamba uanagenzi huo kwa maua usiyostahili. Wako mabwana waliowatumia vijana miaka mingi bila ujira, na ambao waliahirisha kwa makusudi siku ya kumtoa mwanafunzi kwa kuwa mwanafunzi aliyehitimu hudai haki yake. Wako mafundi waliozificha siri za mwisho za kazi, wakafa nazo, wakidhani kwamba ujuzi ukigawanywa hupungua. Kulikuwako viboko. Wasichana walikuwa karibu hawamo kabisa isipokuwa katika ushonaji. Na ujuzi wenyewe ulikuwa na mpaka: kijana alijua alichokijua bwana wake, na bwana asipojua kusoma mchoro, mwanafunzi naye hakujua. Haya yote ni kweli, na mtu anayetaka kuurudisha uanagenzi kama ulivyokuwa atakuwa amependa jina lake bila kuijua sura yake. Lakini jambo moja chuo hicho cha barabarani kilikuwa nalo kwa ukamilifu, nalo ni kwamba hapakuwa na siku ambayo mwalimu aliondoka na mwanafunzi akabaki peke yake na alichokisikia.

Nchi jirani zilijaribu kuyaunganisha yote mawili, darasa na karakana. Makerere, ambayo ulimwengu unaijua kama chuo kikuu, ilianza mwaka 1922 kama skuli ya ufundi ya vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Huko Kabete, nje ya Nairobi, bohari ya mafunzo ya ufundi ya Serikali ilianza mwaka 1924. Miaka hamsini baadaye, katika ujenzi wa reli ya Tanzania na Zambia, kati ya 1970 na 1975, maelfu ya vijana wa nchi hizo mbili walijifunza kazi ya reli kwa kufanya kazi bega kwa bega na Wachina, wengi bila lugha ya pamoja isipokuwa ishara ya mkono. Rwanda nayo ilipata skuli zake. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika nchini katika miaka ya 1950, waliiendesha skuli ya ufundi ya Kicukiro, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, ETO, na kutoka Kabeza kwenda huko si mwendo mrefu.

Jina la skuli hiyo limebaki katika tarihi ya ulimwengu kwa sababu isiyohusiana na ufundi. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya rais Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua, ikaanguka Kanombe, jirani na mitaa hii ninayoieleza; na katika saa zilizofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia katika skuli ya Kicukiro kwa kuwa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi humo. Tarehe 11 Aprili askari hao waliamriwa kuondoka, wakaondoka, na watu wale waliongozwa na wauaji hata kilima cha Nyanza ya Kicukiro, wakauawa huko, isipokuwa wachache walionusurika. Katika siku 100 walikufa nchini, kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda, zaidi ya watu milioni moja.

Kuzungumza juu ya ufundi baada ya maneno hayo ni jambo zito, na ningeliacha kama lisingekuwa sehemu ya kweli ya msiba wenyewe. Waliouawa walikuwa wazazi na watoto kabla ya kuwa mafundi. Lakini walikuwamo mafundi, na wauguzi, na walimu, na madereva, na kwa kila mmoja wao ilikatika silsila iliyokuwa ikimpitia. Wengine walikimbia nchi, wengine wakafungwa kwa waliyoyatenda. Karakana ilibaki na vifaa vilivyoporwa nusu na kijana aliyejua nusu. Mwanagenzi aliyefika kwenye msasa hakuwa na wa kumfikisha kwenye patasi, wala hapakuwa na kitabu ambacho angeweza kukifungua, maana fundi wake hakuandika kitabu.

Silsila hiyo iliungwa tena kwa namna ambayo hapana Serikali iliyoipanga. Kuanzia mwaka huohuo wa 1994 walirudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania Wanyarwanda waliokuwa wamekimbia tangu 1959 pamoja na watoto wao waliozaliwa ugenini, wakajaza mitaa ya Kigali, na mashariki ya jiji ilikua kwa kasi. Kila kundi lilikuja na mikono iliyofundishwa kwingine: huyu kajifunza useremala Bujumbura, yule umakanika Kampala, mwingine ushonaji Bukavu au Goma, mwingine ujenzi Mwanza. Katika karakana moja walikutana watu waliokuwa na majina matatu ya kifaa kimoja, na Kiswahili, ambacho wengi katika waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania walikuwa nacho, kilifanya kazi ya kuwapatanisha. Katikati ya jiji, kule Gakinjiro, palijaa maseremala na wafua vyuma waliofanya kazi ubavu kwa ubavu, hata mafundi hao walipohamishiwa Gisozi, ambako soko lao sasa linaitwa Agakiriro. Mwanafunzi aliyekata tamaa kwa bwana mmoja alihamia kwa jirani hatua kumi mbele. Kutokana na vituo hivyo mafundi walitawanyika katika mitaa, na Kabeza ni mmoja katika hiyo, kwa sababu nyumba zilizokuwa zikijengwa zilihitaji milango, na mlango ni mzito kuubeba kutoka mbali.

Wakati huohuo, kwa nia njema isiyo na shaka, ilikuja aina nyingine ya mafunzo. Nchi iliyopoteza watumishi wake ilihitaji wengine upesi, na wafadhili walikuwa tayari kulipia. Semina zikawa nyingi: siku mbili za utunzaji wa hesabu, siku tatu za usafi wa hospitali, wiki moja ya uongozi, ukumbi, karatasi kubwa ukutani, posho, cheti, picha ya pamoja. Mtu mmoja aliweza kuwa na vyeti vingi katika bahasha yake, na kazi yake ikabaki vilevile. Lawama haiwaangukii waliohudhuria. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alikwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu huja mapema, katika saa na siku za kwanza, kisha hupunguza mwendo. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hushika kuliko marudio yaliyorundikwa katika siku moja. Semina hurundika. Kisha humrudisha mtu mahali pake pa kazi, ambako mkubwa wake hakuwapo kwenye semina, kifaa alichofundishwa kukitumia hakipo, na wenzake wana desturi yao ya zamani iliyo na nguvu kuliko karatasi zake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua katika Afrika Mashariki hautoki Kigali, unatoka Tanzania, katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, kwa kutumia mwanasesere aliyetengenezwa kwa kazi hiyo, ambaye kifua chake huinuka ukimpulizia hewa sawasawa. Watafiti waliwapima kabla na baadaye. Mbele ya mwanasesere walikuwa bora kuliko walivyokuwa. Lakini chumbani mwa kujifungulia, mbele ya mtoto halisi asiyelia, namna yao ya kutenda haikubadilika kama ilivyotarajiwa. Hebu msomaji alitafakari hilo. Watu haohao, mikono ileile, maarifa yaliyothibitishwa kwa mtihani, na hayakuvuka mlango mmoja kutoka chumba cha mafunzo hata chumba cha kazi.

Wenyeji wa Haydom hawakusema kwamba wauguzi ni wazito. Kuanzia mwaka 2011 walimleta mwanasesere palepale kazini, wakaweka mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5, wiki kwa wiki, yakisimamiwa na wenzao wa wodi hiyohiyo waliochaguliwa kwa kazi hiyo, na mazoezi hayo yakawa sehemu ya zamu kama kuosha mikono. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hata 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Somo lilikuwa lilelile lililotolewa mwaka wa kwanza. Kilichoongezwa ni marudio, mahali, na mtu wa karibu wa kutazama. Na mtu akiyaangalia mambo hayo matatu ataona kwamba ndiyo hasa aliyokuwa nayo utingo wa Biryogo.

Rwanda ilifika kwenye hekima hiyohiyo kwa njia yake. Katika wilaya ya Kirehe na kusini mwa Kayonza, kuanzia mwaka 2010, Wizara ya Afya pamoja na shirika la Inshuti Mu Buzima waliona kwamba wauguzi wa vituo vya afya walikuwa wamekwisha kufundishwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu watoto wadogo, na bado watoto wengi hawakuchunguzwa kama mwongozo ulivyotaka. Wakateuliwa wauguzi wazoefu, wakapewa kazi moja, kuvizungukia vituo mara kwa mara, kukaa chumbani na muuguzi akimpokea mgonjwa, kutazama bila kumfedhehesha, kisha kuketi naye na kuzungumza juu ya mtoto aliyetoka sasa hivi. Walipokuta kwamba kosa si la muuguzi bali la mizani iliyoharibika, au la fomu zilizokwisha, au la foleni iliyopangwa vibaya, walilichukua jambo hilo kwa wakubwa na kulifuatilia. Sehemu hii ya mwisho naiona kuwa yenye thamani kubwa, kwa maana mafunzo mengi hufa si kwa kusahauliwa bali kwa kukosa pa kutumikia: muuguzi anakumbuka vema kwamba mtoto apimwe uzito, lakini mizani haipo, na baada ya miezi sita ya kukumbuka bure huacha kukumbuka. Uchunguzi wa watoto katika vituo hivyo ukawa bora kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2012 Wizara hiyo ilijaribu jambo kama hilo kwa kipimo kikubwa, katika mpango wa miaka saba ambamo wahadhiri wa vyuo vya Marekani waliletwa kufundisha madaktari, wauguzi na wakunga, kila mgeni akiambatanishwa na Mnyarwanda wa kazi yake kama pacha, ili siku mgeni akiondoka kazi isiondoke naye. Fikra hiyo ni ya kuheshimiwa, na matunda yake katika idadi ya madaktari bingwa yanaonekana. Lakini pacha hufaa kwa kadiri ya muda anaokaa, na mgeni wa miezi michache hawezi kuwa kwa mwenzake kama dereva alivyokuwa kwa utingo wake. Kwa maoni yangu muuguzi wa Kayonza anayemtembelea muuguzi mwingine wa Kayonza, na ambaye atakuwapo Kayonza mwaka ujao, ni mwalimu mwenye athari ndefu kuliko bingwa wa mbali, hata kama bingwa anajua maradufu.

Skuli ya Kicukiro ilifufuka. Katika viwanja vilevile leo kipo chuo cha ufundi kilichojulikana kwa jina la IPRC Kigali, ambacho tangu sheria ya mwaka 2017 ni sehemu ya chuo kikuu cha ufundi cha nchi nzima, Rwanda Polytechnic; na mwaka huohuo Bunge la Rwanda lilikipitisha Kiswahili kuwa moja katika lugha rasmi, lugha ambayo karakana zilikwisha kuirasimisha zamani kwa matumizi. Vyuo hivyo vimeanza kuwagawia baadhi ya wanafunzi muda wao kati ya darasa na mahali pa kazi, na ipo pia taratibu ya kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti kwa kazi anayoijua, bila kumlazimisha arudi kukaa dawatini na watoto. Hatua zote mbili ninazisifu kwa moyo wangu wote, maana zinaziba ule ufa uliofunguliwa mwaka 1929 kati ya cheti na mkono.

Linalobaki ni hesabu ya fedha, nayo ni hesabu ambayo waajiri, wizara na wafadhili huifanya kila mwaka. Bajeti ya mafunzo aghalabu huwa na fungu la ukumbi, fungu la mwezeshaji, fungu la chakula na malazi, na fungu la usafiri wa kuja. Ni nadra kuliona fungu la mwezeshaji kurudi mahali pa kazi baada ya wiki mbili, na tena baada ya miezi miwili, na tena baada ya mwaka. Wala fundi wa Kabeza anayempokea mwanafunzi wa chuo kwa miezi kadhaa halipwi kwa saa anazoacha kupiga randa ili amwonyeshe kijana jinsi ya kuishika. Mlango anaouchelewesha kwa ajili hiyo ni hasara yake peke yake, na mteja aliyeungoja humlalamikia yeye, si chuo. Maadamu hali ni hiyo, atamfundisha kijana kwa ihsani tu, katika siku ambazo kazi ni chache. Na siku kazi ikiwa nyingi, ambazo ndizo siku zenye mengi ya kujifunza, atamwambia akae kando asimzuie. Lau wilaya ya Kicukiro ingejaribu kwa karakana chache tu kumlipa fundi ujira wa saa hizo, kwa sharti kwamba kijana apimwe si siku anapoondoka bali mwaka mmoja baada ya kuondoka, akiwa kazini pake, fundi akiwapo kati ya wapimaji, tungeweza kulijua jambo ambalo mpaka sasa tunalikisia.